Giza la Dagaa, Mbalamwezi ya Mawese

Mwishoni mwa mwaka 1871, katika nyumba ya udongo pale Ujiji, mwanamke mmoja alikuwa jikoni akihangaika. Jina lake Halima. Alikuwa mpishi wa David Livingstone, na kazi yake siku hizo ilikuwa kumpikia mgonjwa asiyekula: chakula kinapelekwa barazani, kinarudi kama kilivyokwenda. Alipofika Henry Morton Stanley, vyombo vikaanza kurudi vitupu. Stanley mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1872, anasimulia jinsi Halima alivyokuwa akitoa kichwa jikoni ili ahakikishe kama kweli Wazungu ni wawili, na jinsi alivyostaajabu kuona chakula chake kinavyokwisha. Halima huyohuyo alikuwemo katika msafara uliobeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo mwaka 1874.

Watoto wa shule wakiletwa kwenye makumbusho ya Ujiji huelezwa habari za kofia iliyovuliwa na mkono ulionyooshwa chini ya mwembe. Habari za Halima sijapata kusikia wakielezwa. Mimi kila nikipita pale najiuliza alipika nini, kwa mafuta gani, na kitoweo alikinunua kwa nani. Kwa maana mji ule haukusimama kwa pembe za ndovu peke yake. Waliokuja kutafuta pembe na kuwafunga watu minyororo walikula kila siku, na wapagazi wao walikula, na mateka wao walipewa cha kuwaweka hai mpaka safari iishe. Chakula hicho kilitoka kwenye viambo vya mwambao huu, mikononi mwa wanawake walioanika dagaa na kutwanga chikichi. Historia ya Ujiji iliyo jikoni ndiyo niliyoijua kwanza, na ndiyo ninayotaka kuiandika.

Bibi mzaa mama aliishi Mwamgongo, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, kaskazini tu ya Hifadhi ya Gombe. Sisi tulikaa Ujiji, upande wa baba. Shule zikifungwa tulipakiwa kwenye boti pale mwalo wa Kibirizi pamoja na magunia ya sukari, magodoro, madumu matupu na kuku waliofungwa miguu. Wakati huo ukitaka kwenda Mwamgongo ni boti au miguu yako juu ya milima. Boti ilipita karibu na fukwe za Gombe, nasi tuliwaona wavuvi waliopiga kambi chini ya msitu, dagaa wao wakimetameta kwenye kokoto. Jane Goodall alipofika kwenye fukwe hizo Julai 1960 kuchunguza sokwe, wavuvi wa dagaa walikuwepo na kazi yao.

Nyumbani kwa bibi kalenda ya karatasi ilikuwepo ukutani, lakini sikumbuki kumwona mtu akiitazama ili ajue afanye nini kesho. Walitazama juu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huvuta vidudu vidogo vya majini, dagaa wanavifuata vidudu, na samaki waitwao migebuka wanawafuata dagaa, mpaka wote wamekusanyika chini ya mtumbwi. Mwezi ukipevuka mwanga unaenea ziwa zima, na taa ya mvuvi haina tena cha kumshawishi samaki. Ndiyo maana huku kila mwezi umegawanyika mara mbili: kuna giza, na kuna mbalamwezi. Katika giza ziwa linawaka taa usiku kucha hadi unadhani kuna mji ng'ambo ya pili. Katika mbalamwezi mitumbwi imelala mchangani wiki nzima au zaidi, nyavu zinashonwa, na wanaume wako nyumbani.

Kazi za nyumbani nazo zikajipanga hivyohivyo. Giza lilikuwa la dagaa, mbalamwezi ilikuwa ya mawese. Bibi hakutuambia kwamba ni desturi wala mila. Ilikuwa hesabu tu ya mikono. Mchikichi ni mti mrefu, na anayeupanda ni kijana wa kiume mwenye kamba kiunoni. Kijana huyo katika giza analala mchana kwa sababu usiku kucha yuko majini. Ukimtaka akakukatie ngazi, yaani shada la chikichi, msubiri mwezi upevuke.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi wa Kigoma hawalitambui. Mwambao huu una Waislamu wengi, na miezi ya Kiislamu inakwenda kwa mwezi uleule wanaoufuata wavuvi. Idi ya Mfunguo Mosi huangukia mwezi mwandamo, yaani ndani ya giza lenyewe, wakati dagaa ni wengi. Mvuvi anayepanda nchi kavu kwenda kuswali na wanawe siku hiyo anaacha riziki yake majini, na watu wa kwetu waliifahamu thamani ya kuacha huko. Maulidi ni tofauti. Tarehe kumi na mbili ya Mfunguo Sita mwezi unakaribia kupevuka, mitumbwi iko mchangani, na kila nyumba ina watu wake wote. Nadhani ndiyo sababu Maulidi ya utotoni mwangu yalikuwa na watu wengi kuliko Idi. Hata harusi zilipangwa kwenye mbalamwezi, kwa ajili ya mwanga na kwa ajili ya wajomba.

Niseme kwanza habari za giza. Alfajiri, kabla jua halijatoka nyuma ya milima, wanawake walikuwa wameshashuka ufukweni na mabeseni. Salamu zilipigwa huku macho yako majini: "Mwakeye, mwakeye," kila mmoja akihesabu mitumbwi inayorudi na kuangalia imezama kiasi gani. Mtumbwi uliojaa huja taratibu, maji yakikaribia ukingo. Bei ilitajwa kwa beseni, na ilibadilika kati ya mtumbwi wa kwanza na wa mwisho. Bibi hakukimbilia wa kwanza. Alisubiri mpaka aone mitumbwi mitatu minne imefika, ndipo aseme neno.

Dagaa wanaoza upesi kuliko samaki wote ninaowajua. Wakitoka majini unapewa mpaka adhuhuri. Bibi alikuwa na kiwanja chake cha kuanikia, amekifagia na kukitandazia vijiwe vidogo ili dagaa wasishike mchanga, na sisi watoto tulitawanywa pembeni kama walinzi dhidi ya kunguru, kuku na watoto wa jirani. Dagaa walitupwa kwa mkono, mkupuo mmoja wa kiganja, waenee bila kulaliana. Jua likishika wanageuzwa. Siku ya jua kali wanakauka kabla ya magharibi, wanapinda kidogo na kung'aa rangi ya fedha, nao wanapokusanywa wanatoa mlio mkavu. Mvua ikinyesha saa nane mchana, hasara. Ndiyo maana dagaa wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, walikuwa ndio dagaa wa kuuza mbali, na dagaa wa masika walikuwa wa kuliwa nyumbani au wa kukaushwa kwa moshi na moto wa hasira. Siku hizi sehemu nyingi wana vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na mchanga ule tuliouzoea kwenye meno umekwisha. Ni maendeleo ya kweli, siyasikitikii hata kidogo.

Uvuvi wenyewe nao umepitia mengi. Kabla ya taa za mafuta, mienge ya kuni na matete iliwashwa kichwani mwa mtumbwi, na mtu akachota dagaa kwa wavu wa mpini mrefu uitwao lusenga, kama mtu anayechota maji. Babu alivua hivyo akiwa kijana. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja karabai, na katika miaka ya 1950 ikaanza kuenea mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa magogo, wavu mkubwa ukishushwa katikati na kuinuliwa. Mvuvi aliyekuwa akirudi na vikapu akaanza kurudi na chombo kizima kilichojaa, na kazi ya kuanika iliyokuwa ya mke na binti ikataka shangazi, wakwe na majirani. Mapema miaka ya 1980, nchi ilipokaukiwa mafuta ya taa baada ya vita vya Kagera, karabai nyingi zilikaa zimening'inizwa kwenye mapaa. Ziwa lilikuwa na giza la kweli, bila taa hata moja, na ufuko ulikuwa mtupu asubuhi. Siku hizo bibi alitulisha maharage kwa mawese, akasema mchikichi hauhitaji taa.

Sasa mawese. Hapa sitafanya haraka.

Mchikichi asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na Kongo, na ng'ambo ya ziwa letu ndiko Kongo iliko. Ulivuka zamani kiasi kwamba Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, Burton miguu haimbebi na Speke macho yamefunga, waliukuta umeshakuwa mti wa wenyeji, na mawese yako sokoni. Mchikichi tulioujua sisi ni ule wa zamani, wenye kokwa nene na nyama nyembamba. Hutoa mafuta machache, lakini huishi miaka mingi na hauombi mbolea. Wazee waliupanda kuzunguka nyumba. Miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zilibomoka ila michikichi ilibaki imesimama. Mpaka leo ukipita mlimani ukaona michikichi imejikusanya bila nyumba, ujue hapo ni mahame ya watu fulani, na mara nyingi wajukuu zao wanajua kila mti ulikuwa wa nani. Familia yetu ilikuwa na mahame ya namna hiyo, mwendo wa kupanda kutoka kijijini, na huko ndiko tulikokwenda kukata.

Mjomba alipanda na kamba na panga. Alianza kwa kupogoa makuti yaliyokauka, akiyaangusha kwa kelele ili nyoka wakimbie, kisha akakata ngazi moja moja. Ngazi moja ikianguka ardhi inatikisika. Ni mzigo wa mtu mzima, umejaa miiba kati ya matunda. Zilibebwa vichwani juu ya kata nene za majani ya mgomba. Nyumbani zilifunikwa kwa majani siku mbili tatu mpaka matunda yalegee, ndipo watoto tukakaa kuyapukuchua. Vidole vilichomwa na miiba na kuwa vyekundu, na hakuna aliyelia, kwa sababu ujira ulikuwa papohapo: chungu cha kwanza cha chikichi zilizochemshwa kwa chumvi kilikuwa chetu. Unatafuna nyama yake, unafyonza mafuta, nyuzi zinabaki kinywani, unatema.

Baada ya hapo ni moto. Matunda yalichemshwa kwenye pipa kuanzia mchana, na jioni, mwezi ukichomoza juu ya mlima, yakamiminwa kwenye kinu yakiwa bado ya moto. Lazima yatwangwe ya moto. Yakipoa mafuta hayaachii. Wanawake walisimama wawili wawili, mchi unapokezana, wengine wamekaa kwenye mikeka na watoto migongoni. Mwanga wa mwezi ulitosha kuona kila kitu, na baridi ya usiku iliwasaidia wanaotwanga. Hapa ndipo nilipojifunza habari zote za ukoo wetu: nani alivuka kutoka Uvira, nani aliletwa Ujiji akiwa mateka kutoka Manyema akafa akiwa mtu huru mwenye nyumba yake, nani alimkataa nani. Mama mkubwa alikuwa na kumbukumbu kali kuliko wote, na alikuwa hasimulii mpaka ashike mchi.

Likishalainika, lile rojo linatiwa maji, linakandwa na kukamuliwa kwa mikono. Kokwa huenda kando, nyuzi kando. Maji mekundu yanarudishwa motoni, mafuta yanapanda juu na kuenguliwa kwa kibuyu, halafu yanachemshwa tena peke yake mpaka yaache kulialia sufuriani, maana mlio ule ni maji, na mawese yenye maji huchacha. Hakuna kilichotupwa. Nyuzi zilikaushwa, zikawa za kuwashia moto. Kokwa zilipasuliwa juu ya jiwe wakati wa kiangazi, kazi ya mabibi na watoto wadogo, ili zitoke mise, ambazo zina mafuta yake mengine. Vikonyo vya ngazi vilichomwa, na majivu yake makali yakachanganywa na mawese mabaya kupika sabuni ya magwanji, ile nyeusi nyeusi isiyovutia kwa macho lakini inang'arisha sufuria na kumaliza upele kichwani. Bibi aliogea hiyo mpaka anakufa, ijapokuwa sabuni za dukani hazikumshinda kununua.

Sasa fikiria hesabu ya mwezi. Mawese mapya yako tayari mwezi ukiwa mpevu, lakini dagaa wabichi hawapo. Waliopo ni wakavu wa giza lililopita. Baada ya mwezi mpevu, kila siku mwezi unachelewa kuchomoza. Siku ya tatu, ya nne, kunakuwa na saa chache za giza kati ya magharibi na mwezi kutoka, na mvuvi mwenye haraka hatangoji zaidi. Anaingia majini jua likizama, anavua kidogo, anarudi usiku huohuo. Dagaa wake hawatoshi kuanikwa. Hao ndio waliokuwa wetu. Walitiwa wabichi kwenye mawese ambayo hayajamaliza juma, kwa chumvi, pilipili na nyanya kama zipo, wakaliwa na ugali wa muhogo saa tano za usiku, watoto wakiamshwa kwa ajili hiyo. Mafuta mapya yana harufu ambayo ya dumu la mwezi wa pili hayana tena, kitu kati ya karoti na majani mabichi. Chakula hicho kilipatikana siku mbili au tatu kila mwezi, na hakikuweza kununuliwa mjini, kwa sababu mjini mawese yaliyofika yalikuwa yamekaa na dagaa walikuwa wamekauka. Nimekula vyakula vizuri katika miji mikubwa. Sijaona kinachokifikia.

Vitu hivi viwili, dagaa na mawese, ndivyo vilivyolilisha soko la Ujiji. Burton analieleza soko la Kawele, kiini cha Ujiji ya wakati ule, lenye samaki, mboga, ndizi na mafuta ya mawese kando ya pembe na watu waliouzwa. Edward Coode Hore, baharia aliyetumwa na London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikaa muda mrefu zaidi na akaandika kwa macho ya mtu aliyenunua chakula pale kila siku. Fedha ya soko ilikuwa ushanga uitwao sofi, vipande vidogo mfano wa shina la kiko lililokatika, vilivyotungwa kwenye uzi. Mwanamke aliyeshuka na chungu cha mawese alirudi na uzi wa sofi, na uzi ule ulimpatia jembe, chumvi au nguo.

Chumvi ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi zilizo kando ya mto Malagarasi. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi huko miaka ya 1960 walikuta chumvi imepikwa mahali hapo kwa karibu miaka 1,500. Ni kazi ya kiangazi: mvua ikikatika na mavuno yakiingia ghalani, familia kutoka pande zote zilihamia huko kwa majuma, zikapiga vibanda, zikachemsha maji ya chemchemi kwenye vyungu na kuwapa watemi wa Wavinza sehemu yao. Chini ya Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, chumvi ile ikawa mali ya kampuni, na kambi zile za kifamilia zikakoma. Watu wakaanza kununua walichokuwa wakikipika. Kwangu hilo ni badiliko kubwa kuliko mengi yanayotajwa vitabuni, kwa kuwa kiangazi kilipoteza safari yake.

Ziwa lenyewe halikutulia. Mwaka uleule aliofika Hore, maji yaliyokuwa yamejaa yalivunja kizuizi cha mto Lukuga, upande wa magharibi, yakaanza kumwagika kuelekea Kongo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Ufuko wa Ujiji ukasogea mbali. Ndiyo sababu mgeni akifika leo kwenye mnara wa Livingstone anashangaa ziwa liko wapi. Reli ya kati ilipofika mwaka 1914, ilikwenda Kigoma yenye maji ya kina, wala haikuja Ujiji. Mwaka uliofuata Wajerumani wakashusha majini meli ya Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg. Wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Haya yanajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba reli na meli ziliwapa wanawake wa dagaa soko ambalo mama zao hawakuliota. Magunia yalipanda treni kwenda Tabora na Dar es Salaam, yalivuka ziwa kwenda kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Katanga, na mkono uliowaanika ulikuwa uleule juu ya vijiwe vilevile.

Masika nayo ilikuwa na yake, nitaipitia upesi. Mvua za kwanza, Oktoba ikielekea Novemba, zilileta kumbikumbi. Beseni la maji liliwekwa chini ya taa, mbawa zikaelea, na asubuhi wakakaangwa bila mafuta maana wana yao. Embe ziliiva wakati huohuo. Miembe ya Ujiji ni ya zama za misafara, na njia yote ile kutoka Bagamoyo imo tangu 2006 katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Sisi tuliziokota tu, tukazila na chumvi na pilipili zikiwa bado na ugumu, na mama aliziweka nyingine kwenye pipa la unga ziive taratibu. Kisha uyoga kutoka kwenye miombo, ulioletwa kwa vikapu na watu wa Uvinza na Kasulu. Uyoga, kisamvu tunachokiita sombe, na mawese katika chungu kimoja: ilikuwa Desemba.

Mengi yamebadilika, na si yote kwa ubaya. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha kampeni ya kufufua zao la michikichi Kigoma, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikaanza kuzalisha miche ya tenera, yenye kokwa nyembamba na nyama nyingi. Miti hiyo ni mifupi mwanzoni, hata msichana anakata ngazi akiwa amesimama chini, na habari ya kumsubiri mjomba na mbalamwezi imekwisha. Mashine za kuzungusha zimechukua nafasi ya kinu sehemu nyingi: watu wanausukuma mti mrefu wakizunguka, mchana, kwa zamu, na malipo ni kwa pipa. Mafuta ni mengi zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba zile habari za ukoo zilizosimuliwa kwenye mchi hazijapata mahali pengine pa kusimuliwa, na wadogo zangu wengi hawajui ni nani katika ukoo wetu aliyeletwa kwa minyororo.

Upande wa ziwa mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2003 wanasayansi walionyesha, katika majarida ya Nature na Science, kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 linahitaji upepo na ubaridi wa kiangazi ili lijichanganye na kuleta juu rutuba iliyo chini. Likipata joto, linachanganyika kidogo, na chakula cha dagaa kinapungua. Ongeza na mitumbwi iliyozidi. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024.

Mama mdogo, anayeishi Mwamgongo katika kiwanja kilekile cha bibi, alizipitisha siku hizo kwa mawese. Vijana waliokuwa hawana kazi walipanda hata michikichi ya mahame iliyoachwa miaka mingi, akalazimika kuazima mapipa. Nilimpigia simu siku ziwa lilipofunguliwa, nikitegemea kusikia kelele za ufukweni. Akaniambia ufuko umetulia. Mwezi mpevu ulikuwa Agosti 19. Wakuu walihesabu miezi mitatu kwa kalenda yao wakafungua ziwa katikati ya mbalamwezi. Wachache wenye mikopo waliingia na kurudi na mafuta ya injini waliyoyachoma bure. Wengine walishona nyavu.

"Siku ya ishirini na tatu watatoka," alisema. "Mwezi utakuwa unachelewa. Mawese ninayo mapya, ya juzi, nimekuwekea chupa. Wewe niletee chumvi tu, mwanangu, ya Uvinza ile ya punje kubwa, mpe mtu wa boti pale Kibirizi kabla ya saa sita, hawangoji mtu."

Nilikwenda kwenye soko la Mwanga kesho yake asubuhi, nikanunua kilo mbili.